Wafu Aliowahamisha Leota Krebs

Katika posta ya Amity, mji mdogo uliojibanza kwenye kona ya mto Wabash kule Indiana, Leota Krebs aliuza stempu kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna aliyemjua kupoteza barua hata moja. Kifurushi kikija jina limefutwa na mvua, alikitikisa, akakinusa, akasema hiki ni cha mjane wa Eberly, na kweli kikawa cha mjane wa Eberly. Watu walipomsifu kwa hilo aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta muhuri. Alijua kuna kitu kimoja alichokabidhiwa mkononi akakipoteza kwa kutaka mwenyewe, nacho hakikuwa barua.

Amity ilianzishwa na watu waliojiita Ndugu, kizazi kimoja kabla Leota hajazaliwa. Ndugu waliona kungojea mbingu ni uvivu, heri kuijenga hapa hapa. Wakajenga kweli: nyumba ndefu za matofali zisizo na kufuli, jiko moja, ng'ombe wa wote, shamba la wote. Neno "changu" kwao lilikuwa tusi. Mtoto akiachishwa ziwa alipelekwa Nyumba ya Watoto akawa wa kila mtu, na mama aliyeonekana kumkumbatia zaidi wa tumboni mwake kuliko wa wenzake alisimamishwa mbele ya baraza la Jumatatu, akaambiwa kosa lake na watu waliokuwa wakitabasamu. Hata wafu walikuwa wa wote. Kaburi halikuwekwa jiwe wala jina. Ardhi ilisawazishwa na juu yake ukapandwa mtufaha. Siku ya maziko mama mfiwa alipewa kazi mbali na shamba hilo, asije akajua ni mti upi, ili alie kwa miti yote sawasawa.

Leota hakuwa mtoto wa Ndugu. Baba yake alifunga makopo kiwandani, akanywa alichokipata, na nyumbani kwao watu waligombania hata mfupa wa supu. Alipokuwa na miaka minne, mitano, alikuwa akipanda uzio na kuwatazama Ndugu wa mwisho mwisho wakipalilia viazi huku wakiimba, wanaume na wanawake mstari mmoja, bila mtu kumfokea mtu. Mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita jumuiya ilivunjika, wakagawana majembe, wakatawanyika. Lakini yeye wimbo ule ulimkaa kichwani. Mtu akikulia kwenye kelele, nyumba ya jirani isiyo na kelele huiona pepo, na wala haulizi kwa nini mle ndani kuna kimya.

Ndiyo maana alipokua akaanza kuandika. Asubuhi kabla posta haijafunguliwa alikaa nyuma ya kaunta na daftari, akaandika habari za Ndugu. Si historia yenye tarehe, bali maneno yaliyopangwa yakapendeza, sentensi iliyotembea kama mtu anayejua anatazamwa. Wenyeji walimcheka. "Wee Leota," alisema Orville Teague, mwenye duka la misumari na rangi, kila alipokuja kuchukua barua zake, "umeshawafikisha mbinguni hao watu wako, au bado unawabandika stempu?"

"Ninao mlangoni, bwana Orville. Wanauliza kama wewe umealikwa."

Mwaka wa hamsini na tatu, mwezi wa Oktoba, alikwenda kwa Alwina Dorsch. Alwina alikuwa mmoja wa Ndugu watatu waliokuwa wamebaki mjini, na japo alishapita miaka sitini watu wote walimwita Dada Alwina, kwa desturi ya jumuiya. Siku hiyo alikuwa akimenya matufaha ya jamu. Akampa Leota kisu, maana kwake hakuna mgeni aliyekaa mikono mitupu.

"Unataka nyimbo," Dada Alwina alisema. "Kila mtu anataka nyimbo. Mimi leo nitakupa kitu kingine, halafu ukipenda nenda zako."

Akamweleza. Alizaa mtoto wa kiume, baraza likampa jina Theron, lakini yeye kimoyomoyo alimwita Wendel, jina la babu yake. Akiwa na miezi kumi na minne mtoto alikufa kwa ugonjwa wa koo. Siku ya kumzika Alwina alipangiwa kufua shuka, chumba cha juu cha kufulia. Ndugu wale, pamoja na akili zao zote, walisahau kwamba chumba kile kina dirisha.

"Nilihesabu," alisema. "Kutoka nguzo ya mawe ya barabarani. Mistari, halafu miti." Akachukua vipande vya tufaha akavipanga mezani kimoja kimoja, mstari kwa mstari, na kwenye kimoja akaweka kidole. Akataja namba mbili, ya mstari na ya mti. "Huyo ndiye wangu. Kila Oktoba nilichuma mti huo peke yake, nikala. Miaka ishirini na tano, hata jumuiya ilipokwisha kuvunjika. Barazani nilikiri kwamba nimeiba matufaha. Wakanisamehe, wakacheka. Sikusema ni kwa nini."

"Na sasa?"

"Sasa wenye kiwanda cha nyanya wamekata miti, wamemwaga kokoto, malori yao yanampita juu." Akamtazama. "Sina mtu wa kumwachia. Mume sikupewa, mtoto ndiye huyo. Weka wewe hizo namba, mwanangu. Nikifa mnizike kando yake. Siombi kingine chochote kwa mji huu."

"Nitaziandika kama ulivyosema, Dada Alwina. Neno kwa neno."

Alisema hivyo na alimaanisha. Mtu asimdhanie Leota kuwa laghai. Laghai angejua anachofanya.

Ubaya ulianza alipofika kwenye sura ya wafu. Alikwenda kuliona shamba kwa macho yake. Lilikuwa nyuma ya kiwanda cha kusindika nyanya, na siku hiyo ya Agosti lilinuka maganda yaliyooza hata nzi walikuwa wamechoka. Dereva mmoja alikuwa akikojolea gurudumu la lori lake. Leota alirudi posta akajaribu kuandika, na sentensi zikagoma. Pepo yake ilikataa kukaa pamoja na nyanya mbovu. Juma moja, majuma mawili. Mwishowe asubuhi moja kalamu ikajiendea yenyewe, ikaandika kwamba Ndugu waliwalaza wafu wao chini ya mierebi, kando ya mto, mahali ambapo ukungu hupanda kila alfajiri na kuwafunika wote kwa shuka moja. Aliisoma kwa sauti. Machozi yakamtoka kwa uzuri wake. Akajiambia ni kitabu cha mashairi hiki, si ramani ya wapima ardhi. Na mtoto wa Dada Alwina akamweka humo humo, chini ya mwerebi, bila namba.

Kitabu kilitoka mwaka wa hamsini na saba, kurasa mia na kumi na mbili, kwa mchapishaji mdogo wa Indianapolis. Nakala ya kwanza alimpelekea Dada Alwina. Mwanamke yule alisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye mierebi. Hapo akakaa muda mrefu. Kisha akafunga kitabu.

"Kizuri," alisema.

"Dada Alwina, pale kuhusu mto..."

"Nimesema kizuri, Leota. Kunywa kahawa yako."

Leota akainywa. Kimya kile angekiuliza siku hiyo angejibiwa. Hakukiuliza, na kuanzia hapo kila mwaka ulikifanya kigumu zaidi kuulizwa. Njiani aliposalimiana na Dada Alwina alisimama mbali kidogo kuliko zamani, na alipokuwa na haraka alikuwa na haraka sana.

Laiti kitabu kingekufa kama vinavyokufa vitabu vya namna hiyo. Hakikufa. Maprofesa walikipenda. Wakaja watu na magari kutoka Ohio na Illinois kuuliza mierebi iko wapi. Mwaka wa sitini na nne mji ukaunda kamati ya kumbukumbu, Orville Teague akawa mwenyekiti, maana waliokuwa wakimcheka Leota sasa waliuza vikombe vilivyochorwa mwerebi. Wakasimamisha jiwe ukingoni mwa mto, wakachonga juu yake ile sentensi ya ukungu na shuka. Leota alikabidhiwa mkasi akakata utepe. Alipigwa picha akitabasamu, na ukiitazama picha hiyo leo utaona ameukamata mkasi kama mtu aliyekatazwa kuuweka chini. Baadaye wakaja vijana wa nywele ndefu, kitabu mkobani, wakajenga mahema karibu na jiwe na kujaribu kuishi bila neno "changu". Walidumu mpaka baridi ya kwanza, wakaondoka wakigombania jiko la mafuta.

Usiku hakulala vizuri, na mchana alifanya wema uliopita kiasi. Alimpelekea Dada Alwina barua zake mlangoni mwenyewe, ingawa posta ilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Krismasi alimpelekea shali. Alimpa kila kitu isipokuwa neno moja. Mara nyingi alifika mpaka kizingitini amelishika neno lenyewe, kisha mlango ulipofunguliwa akasema habari za hali ya hewa. Aliona aibu, na aibu ikikaa sana hugeuka tabia.

Basi ikafika mwaka wa sabini na tano. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mitatu nyuma, na siku moja ya Aprili likaletwa posta tangazo la kubandikwa ubaoni. Leota ndiye aliyelibandika, pini nne, kama kawaida yake, na pini ya nne ndiyo iliyomfanya asome. Uwanja wa nyuma wa kiwanda umeuzwa. Litajengwa duka kubwa lenye maegesho ya magari. Kuchimba msingi kutaanza Jumatatu ijayo.

Alifunga dirisha la posta saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku aliyofiwa na mama yake, akavuka barabara mpaka kwa Orville Teague.

"Pale kuna watu," alisema. "Makaburi ya Ndugu yako pale, si mtoni. Wazuie."

Orville alikuwa akipima misumari. Akamaliza kwanza. "Leota, makaburi yako mtoni. Kitabu kimesema."

"Kitabu nimekiandika mimi."

"Ndiyo. Na maneno ya jiwe tumeyanukuu kutoka humo."

"Nilidanganya, Orville. Kule kwenyewe kulikuwa kunanuka nyanya. Nikawahamisha."

Mzee wa watu akaweka mizani chini. Kwanza alitaka kucheka, kisha akaona uso wake. "Umewahamisha," alisema. "Watu sitini na kitu. Peke yako, kwa kalamu." Akavuta pumzi. "Unajua nitaonekanaje mimi nikimwendea mwenye ardhi nikamwambia hivyo? Daftari za Ndugu ziliungua. Wazee wamekwisha. Wewe juzi ulisema mto, leo unasema kiwanda, kesho utasema kanisani kwetu chini ya kinanda."

"Dada Alwina yupo. Aliona kwa macho yake. Anajua mstari na mti."

"Basi mlete aseme. Au nipe hizo namba, niwachimbishe kwa koleo mahali pamoja tu, wakiona mfupa wasimamishe. Sikatai, bibie. Lakini nipe kitu cha kushika mkononi."

Leota alikwenda mbio nyumbani kwake, maana namba zilikuwa daftarini. Alikuwa na hakika. Daftari za mwaka wa hamsini na tatu alizihifadhi kwenye kasha, na ile ya Oktoba aliipata upesi, na ukurasa wa Dada Alwina akaupata. Kurasa sita. Humo aliandika jinsi ganda la tufaha lilivyoning'inia bila kukatika, na mwanga wa dirisha ulivyokaa kwenye ukingo wa bakuli, na sauti ya kisu, na mikono ya mwanamke mzee ilivyopanga vipande mezani "kama anayewalaza watoto". Alisoma mbele, akasoma nyuma. Alikagua pembezoni. Namba hazikuwemo. Wakati mwenzake anamkabidhi kaburi la mwanawe, yeye alikuwa akiandika mwanga. Alikaa sakafuni kando ya kasha akajichukia wazi wazi, bila kujipamba.

Akilini alizitafuta. Nne na tisa? Saba na nne? Kila alipokaribia, badala ya namba ulikuja ule mstari wake wa mierebi, kamili, na vituo vyake vyote.

Jumamosi alikwenda kwa Dada Alwina. Mzee alikuwa na miaka themanini na minne sasa, macho hayaoni, akitunzwa na Bernadine, binti wa mdogo wake wa kiume, mwanamke mnene kutoka nje ya mji, mwenye ulimi usiokopesha. Bernadine alimfungulia mlango akiwa na taulo begani.

"Leo umeingia ndani? Nilidhani miguu yako inaishia kizingitini."

"Nina neno na Dada Alwina."

"Hata mimi nimo nyumbani. Lisemee hapa hapa."

Dada Alwina alikuwa kitini, shali ya Krismasi mabegani. Leota alipiga magoti mbele yake, akasema yote. Nyanya, kalamu, mierebi, jiwe, mkasi. Alisema, "Nilikuahidi neno kwa neno na nikakuibia mwanao nikamweka mahali palipopendeza. Nisamehe kama unaweza, lakini kwanza nipe zile namba tena. Jumatatu wanachimba."

Mwanamke mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha akatafuta uso wa Leota kwa kiganja chake.

"Namba gani, mwanangu?"

"Mstari na mti. Kutoka nguzo ya mawe. Ulihesabu ukiwa dirishani, chumba cha kufulia."

"Mimi siku ile nilikuwa nafua," Dada Alwina alisema. "Sikuona kitu. Walimpeleka mtoni, Wendel wangu. Chini ya mierebi. Kulikuwa na ukungu, ukawafunika wote, shuka moja." Akatabasamu. "Nilisikia maji. Mtanizika hapo na mimi, Bernadine ameniahidi."

"Dada Alwina, ulikula matufaha yake. Kila Oktoba, miaka ishirini na tano. Ulikiri barazani."

Paji la uso la mzee likajikunja. Midomo ikaanza kutafuta kitu, vidole vikasogea juu ya paja lake, kimoja, kingine, kama anayepanga vitu vidogo mezani. Kisha vidole vikasimama, na uso ukaingiwa na hofu, hofu ya mtoto aliyeachwa dukani.

"Bernadine," aliita. "Huyu anasema Wendel hayupo mtoni. Basi yuko wapi?"

"Yupo, shangazi. Yupo pale pale."

"Nisomee."

Bernadine alichukua kitabu dirishani. Kilikuwa kimetiwa gundi mara mbili mgongoni na kurasa zake zimelainika kama kitambaa. "Kila Jumapili, miaka tisa," alimwambia Leota kwa sauti ya chini. "Tangu macho yalipozima. Mwanzoni alikuwa akibisha hapo kwenye mto. Alisema, siyo, siyo, huyu msichana amesahau. Baadaye akawa hasemi. Siku hizi ndiye anayenisahihisha nikiruka neno." Akamtazama Leota aliyekuwa bado magotini. "Ulimpa, sasa umekuja kumnyang'anya? Inuka, bibie. Umeshamtia homa."

Akasoma. Leota alisikiliza maneno yake mwenyewe yakisomwa mpaka mwisho wa ukurasa, na Dada Alwina akiyafuata kwa midomo bila kukosea, uso wake ukirudiwa na utulivu kidogo kidogo. Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hata sasa yalikuwa mazuri.

Jumatatu Orville hakuja uwanjani. Alituma salamu kwamba bila shahidi hana la kufanya. Leota alifika kabla ya wafanyakazi. Nguzo ya mawe ilikuwapo bado kwenye kona ya barabara, imeota ukoka, na kutoka hapo kokoto zilienea mpaka ukuta wa kiwanda, hatua mia mbili upande huu na zaidi upande ule. Saa moja na nusu mashine ya kuchimba ikashushwa kutoka kwenye lori. Leota akaenda kusimama mbele yake, koti la posta mwilini, mikono imeshika mkoba.

Dereva alikuwa kijana wa Kentucky, uso mwekundu, mstaarabu. Alizima injini akateremka.

"Mama, hapo si salama."

"Kuna mtoto amezikwa hapa. Na wengine, lakini kuna mtoto. Mama yake yu hai."

Alitegemea kuchekwa. Kijana akavua kofia. "Sisi kwetu tulizika dada yangu mdogo nyuma ya nyumba," alisema. "Mimi sihitaji karatasi ya mtu. Nionyeshe tu ni wapi, nitapazunguka. Nikiweka vijiti vinne hapo hakuna atakayepagusa. Msimamizi nitamalizana naye mimi."

Ni kitu hicho hicho alichokuwa akikiomba juma zima, na kimekuja bila kuulizwa shahidi wala daftari. Leota alikwenda mpaka kwenye nguzo ya mawe. Akaweka mkono juu yake. Akaanza kutembea akihesabu, moja, mbili, tatu, akasimama. Akarudi, akaanza tena upande mwingine. Kijana alimfuata na vijiti vyake vinne, akimngoja kila anaposimama. Alijaribu mara tano. Kila alipofumba macho aone vipande vya tufaha juu ya meza ile, aliona mto.

"Sijui," alisema mwishowe. "Nilikuwa najua."

Kijana alisubiri kidogo, labda atakumbuka. Kisha akaviegemeza vijiti kwenye uzio, akavaa kofia. "Basi nitakwenda taratibu, mama," alisema, akapanda, akawasha mashine, na kweli akaenda taratibu. Leota alisimama ukingoni siku nzima, akitazama udongo ukiinuliwa na kumwagwa, kijiko baada ya kijiko, asijue ni kipi cha kukiomba radhi.